Anayelipwa Kukaa: Siku Moja Maishani Mwangu, Kigoma

Wapita njia wakiniona nimekaa kitini nazunguka bustani hupaza sauti: "Kaka, hiyo kazi inaombwa wapi? Unalipwa kukaa!" Nacheka nao. Mimi nakata majani kwa mashine ya kukalia katika hoteli moja ya ufukweni, hapa mwisho wa reli, na mashine hiyo wengi huiita trekta la watoto. Nawasimulia Jumamosi iliyopita, siku ya harusi, maana siku ya kawaida haina cha kusimulia: unakwenda, unarudi, unakwenda, unarudi.

Saa kumi na mbili kasoro robo alfajiri. Natoka Gungu kwa bodaboda, giza tupu. Ndugu zangu wa Dar hawaamini nikiwaambia kwamba saa kumi na mbili na nusu taa za huku bado zinawaka. Saa ni moja nchi nzima, lakini sisi tuko magharibi kabisa, jua letu hutoka karibu saa moja. Kwa mkata majani hilo ni jambo zito. Jua likichelewa, umande nao unachelewa kukauka, na hapo ndipo lawama zinapoanzia. Isitoshe usiku ule mvua ilikuwa imepiga. Ndiyo Desemba ya Kigoma. Majani unayakata Jumatatu, Ijumaa yamekuwa kana kwamba hujawahi kufika.

Saa kumi na mbili na nusu. Wageni wanaokwenda Gombe bado wako kwenye chai, wakisubiri boti, kwa hiyo marufuku kuwasha injini. Sawa tu, kwa sababu kazi ya saa hiyo inataka injini ya baridi. Oili kwanza: mashine iko sehemu tambarare, nachomoa stiki, naifuta, nairudisha, naichomoa tena ndipo nasoma. Petroli naitia nje ya stoo, sijazi hadi shingoni, kwa kuwa ikipata joto hutanuka. Eyaklina, lile chujio la hewa ya injini, naigonga vumbi. Tairi napima upepo zote nne, maana zikipishana, deki inalala upande mmoja na majani yanatoka ngazi ngazi. Deki ni lile boksi la chuma tumboni mwa mashine linalofunika visu viwili.

Visu nilivinoa tangu Ijumaa jioni. Kisu butu hakikati, kinararua. Baada ya siku moja ncha za majani zinageuka kahawia na meneja anauliza nani kamwaga dawa. Nikishanoa kwa tupa nakitundika kisu kwenye msumari kupitia tundu lake la katikati. Upande unaoinama ndio mzito, naurudia kwa tupa mpaka kitulie sawa. Usipofanya hivyo mashine nzima inatetemeka, beringi zinakufa, na beringi zenyewe zinaagizwa Dar zije kwa basi. Nani ana wiki ya kungoja?

Boti ikishaondoka nawasha na kujaribu swichi ya kiti. Nafungulia visu vizunguke, najiinua kidogo kitini, na injini inatakiwa izimike papo hapo, visu visimame ndani ya sekunde 5. Nilipokabidhiwa mashine hii nilikuta nyaya za swichi hiyo zimeunganishwa kwa tepu, eti kwa sababu ilikuwa inazima kila tairi likipita kwenye shimo. Nilizirudisha kama zilivyotoka kiwandani. Ukirushwa kitini, ile nyaya ndiyo inayokuachia miguu yako.

Kisha mimi na dogo ninayefanya naye kazi tunaipita bustani yote kwa miguu, ndoo mkononi. Vizibo vya soda, mawe, kokwa za maembe, misumari ya shughuli zilizopita, chikichi zilizodondoka. Ncha ya kisu huweza kukimbia kilomita 300 kwa saa, na kokwa ikitoka hapo inapasua kioo cha gari lililoegeshwa mbali. Hii nusu ya kazi hakuna aliyewahi kuniona nikiifanya, na hakuna aliyewahi kunipigia kelele kwamba nalipwa kuokota vizibo.

Saa tatu, tumeketi juu ya ndoo tukisubiri jua. Ndipo akafika mama mwenyekiti wa kamati ya harusi, simu mbili mkononi, kitenge cha sare ya kamati.

"Wewe ndiye wa trekta?"

"Ndiye mama, shikamoo."

"Marahaba. Mbona umekaa?"

Nikamweleza kwamba majani bado yana maji, tusubiri saa moja hivi. Akanitazama kama niliyemtukania ukoo.

"Majani ni majani. Kwani yakikatwa yana maji yatalia?"

Hayalii, lakini tairi linateleza. Majani mabichi yaliyolowa yanaganda ndani ya deki, yanaziba mdomo wa kutolea, yanadondoka mabonge mabonge juu ya bustani ambayo bibi harusi atapita na gauni jeupe. Na mashine inayozibaziba ndiyo inayomtia mtu tamaa ya kupeleka mkono chini. Nilisema yote haya kwa adabu. Mama akasema wapambaji wanaingia saa nne, watu wa muziki saa sita, mchungaji hapendi kusubirishwa, na yeye amelipia ukumbi. Kisha akampigia meneja, pale pale mbele yangu, akaweka spika.

Meneja akaja. Anaijua mashine vizuri, ila anamwogopa mteja. Akaangalia majani, akaangalia viatu vyake vilivyolowa, akasema: "Fanya ufanyavyo, mradi mama aridhike." Waliofanya kazi chini ya mtu wanalijua neno hilo. Likienda vizuri ni lake, likiharibika ni langu.

Basi nikafanya nifanyavyo. Mimi na dogo tukachukua mpira mrefu wa kumwagilia, kila mmoja akashika ncha moja, tukauburuta juu ya majani toka ukuta hadi ukuta ili maji yadondoke chini. Unasaidia sana, jua linapata kazi ndogo. Mama akacheka: "Sasa mnayapangusa?" Ndiyo mama, tunayapangusa.

Saa nne na robo sehemu ya juu, tambarare, ilikuwa inakatika. Mteremko nikauacha wa mwisho. Hilo nalo likawa neno, kwa sababu mama alitaka tuanzie upande wa ziwa, kwenye picha. Halafu urefu. Yeye alitaka yakatwe mpaka chini, yawe kama uwanja wa mpira. Ukikata zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mara moja unalishtua, chini kunabaki mashina ya njano. Nikamwambia, "Mama, ukitaka picha za njano, nishushe visu." Akanyamaza. Ndiyo mara pekee niliyomshinda siku ile.

Nikivaa viziba masikio watu husema naringa. Shikamoo za wazee na salamu za mama wa jikoni zote zinanipita, na Kigoma hii kumpita mtu mzima bila salamu ni kesi. Lakini kelele ile kwa muda wa saa nne au tano mfululizo inaua masikio, kwa hiyo nimejifunza kuinua mkono kwa kila kinachotembea. Nadhani nimeshamsalimu hata mbuzi.

Akaja baba mmoja wa suti, sijui upande wa bwana harusi au wa bibi, na mtoto wa miaka minne hivi. Akanipungia nizime. Nikazima.

"Kijana, mpakate huyu kidogo, nimpige picha. Mzunguko mmoja tu."

"Hapana, mzee wangu."

"Basi bila kuwasha."

"Hata bila kuwasha."

Akaniona mchoyo. Kilichokuwa kichwani mwangu ni hiki: mtoto uliyempandisha leo, kesho akisikia mlio atakuja mbio akijua ni mchezo, na mimi nikirudi nyuma sioni kilicho chini ya mgongo wa kiti. Ndiyo maana kabla ya kurudi nyuma nafunga visu na kugeuza shingo chini na nyuma, hata kama bustani haina mtu. Baba wa suti akaondoka akisema vijana wa siku hizi hawana utu. Sikubishana naye. Siku ikiwa ndefu unachagua wa kubishana naye.

Halafu waya.

Wapambaji walikuwa wameingia, na tao la maua likawa linafungwa kwa bandingi waya katikati ya bustani, sehemu ambayo mimi na dogo tulikuwa tumekwisha kuiokota asubuhi. Niliwaomba wakate vipande vyao juu ya turubai. Walikata juu ya turubai mpaka turubai likahamishwa. Nilisikia mlio kama sufuria inayokwaruzwa, kisha mtetemo ukapanda mpaka kwenye meno.

Nikafunga visu, nikavuta breki, nikazima, ufunguo mfukoni. Mama mwenyekiti alishafika.

"Nini tena?"

"Waya umeingia kwenye visu, mama."

"Si uingize mkono tu uuvute?"

Dogo, kijana mtiifu, akaanza kuinama. Nilimkemea kwa sauti ambayo hata wapambaji waligeuka. Baadaye nilimwomba radhi kwa ukali wa sauti, si kwa neno lenyewe. Kwanza visu visimame kabisa. Pili, chomoa waya wa plagi inayowasha injini na uuweke mbali, kwa sababu ukizungusha kisu kwa mkono unaweza kuizungusha injini, na injini haijui kwamba umepumzika. Tatu, inua mbele kwa jeki lakini usiiamini jeki. Tukaingiza magogo mawili chini na kuweka jiwe nyuma ya tairi. Glavu. Na hata hapo, visu vyetu viwili vinaunganishwa na mkanda mmoja: ukizungusha cha kushoto, cha kulia kinazunguka pia, na mkono wa mwenzako ndiko ulipo. Kwa hiyo nikakaza kipande cha mbao kati ya kisu na ukuta wa deki, ndipo nikaanza kuufungua waya mzunguko kwa mzunguko kwa koleo.

Jua la hapa utosini halifiki saa sita, linafika karibu saa saba, na saa saba ndiyo ilinikuta chali chini ya deki. Jasho linaingia machoni na glavu ina majani mabichi. Waya ulikuwa umejisokota shingoni mwa beringi kama nyuzi za cherehani. Kila dakika chache kivuli cha mama kinapita. "Bado?" Bado mama. Watu wa muziki wakaanza kujaribu spika, "wani, tuu", na mchungaji akafika, akaja kunitazama, akasema pole, akaondoka. Sikujua tena ni saa ngapi, na sikutaka kujua. Waya ulipotoka wote nikapapasa mkanda: pembeni umechanika, nyuzi zimetokeza. Visu havikupinda, nilivikagua kimoja kimoja. Mkanda ungemaliza siku, si zaidi, na nilimwambia meneja hivyo mbele ya watu ili asije akasahau.

Mteremko wa ziwani tulifika tumechoka, na ndipo usipotakiwa kufika umechoka. Kwa mashine ya kukalia unapanda na kushuka, hukati kwa ubavu, na hugeuzi katikati ya mteremko. Unageuza juu au chini, palipo tambarare. Mwisho wake ni digrii 15, yaani kwa kila mita 10 mbele unapanda mita mbili na nusu na ushei. Kama mashine haiwezi kuupanda kinyumenyume, au wewe mwenyewe moyo hauna amani, huo si wako. Ukingoni karibu na maji niliacha utepe mpana wa kukatwa na dogo kwa fyekeo. Mama akauliza kwa nini nimeacha. Ziwa lina kina cha zaidi ya mita 1,400, mama. Trekta likiingia humo tunawaachia migebuka.

Akacheka! Sikutegemea.

Ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese niliukuta jikoni umepoa, nikaula nimesimama, maana kiti nilikuwa nimekichoka. Harusi ikawa inaendelea. Kazi iliyobaki ni ile isiyopigiwa vigelegele: kungoja injini ipoe, kukwangua majani yaliyoganda ndani ya deki kwa kijiti kabla hayajala chuma, kutoa majani makavu kwenye bomba la moshi yasije yakashika moto, kupaka grisi, kuandika kwenye daftari saa za injini. Oili hubadilishwa kila saa 50 na zimebaki chache. Chini yake nikaandika MKANDA kwa herufi kubwa na kumpigia picha meneja. Akajibu kwa kidole gumba.

Nilikuwa nafunga stoo mama mwenyekiti alipokuja na sahani ya pilau iliyofunikwa kwa foili. Akaketi juu ya ndoo yangu, viatu mkononi.

"Baba, kwangu Bangwe majani yamenishinda. Jumatatu unaweza kuja na trekta?"

"Trekta ni la hoteli, mama. Lakini naweza kuja na fyekeo na dogo. Kuna mteremko?"

"Upo kidogo."

"Kidogo cha kusimama au cha kushikilia miti?"

Akafikiri. "Cha kushikilia miti."

Nikamwambia elfu arobaini, nauli juu yake, na mawe ayaokote kabla sijafika. Akasema thelathini na mawe niokote mwenyewe. Tumeachana kwenye thelathini na tano. Habari ya mawe bado tunazungumza.