Imamu Anapokosea Rakaa

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Ijumaa iliyopita, barazani baada ya swala, vijana walizuka na suali lililotuweka hapo mpaka adhana ya Alasiri: kiongozi wa nchi akiwa hafai tena, Muislamu aseme nini? Mmoja akasoma aya ya kuwatii wenye mamlaka. Mwengine akasema hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Kila mmoja alikuwa na dalili yake, na sauti zikapanda. Nikaondoka na suali lile kifuani, na wiki nzima sikuliweka chini. Naona jawabu tunaliswali mara tano kila siku.

Itazame swala ya jamaa. Tunasimama nyuma ya mtu mmoja; akirukuu tunarukuu, akisujudu tunasujudu, na anayemtangulia amekemewa vikali. Utii gani tena upite huo? Lakini imamu huyohuyo akikosea rakaa, maamuma hanyamazi. Wanaume husema "Subhanallah", wanawake hupiga kofi, ili asikie na arejee. Na udhu ukimtoka, hata awe ndiye mjuzi kuliko wote msikitini, hana budi kutoka. Humvuta mbele mmoja wa walio nyuma yake, na swala ikaendelea pale ilipofikia. Safu haivunjiki wala kibla hakigeuki.

Sayyidna Umar (Allah amridhie), khalifa wa pili, alipochomwa kisu mihrabuni, Alfajiri, mwaka wa 23 wa Hijria, alimshika mkono Abdurrahman bin Auf akamtanguliza, naye akawaswalisha watu swala nyepesi. Katika mapokezi ya Bukhari imo habari moja ambayo kila nikiisoma hunigusa: waliokuwa pembezoni mwa msikiti hawakujua lililotokea. Waliikosa tu sauti ya Umar, wakawa wanasema: "Subhanallah, Subhanallah." Damu inamtoka, na yeye anahakikisha watu hawabaki bila ya imamu.

Mimi ni mzaliwa wa Pemba, upande wa Wete. Msikiti wetu ulikuwa na Maalim aliyetusomesha chuoni sisi, na kabla yetu aliwasomesha baba zetu. Uzee ulipomfika akaanza kusahau. Usiku mmoja alitoa salamu ya Isha kwenye rakaa ya tatu. Tukasema Subhanallah, akainuka akaitimiza. Siku nyengine alirukuu kabla ya kumaliza Alhamdu. Ikawa kila wiki lina jipya. Barazani maneno yakaanza. Watu wanakunywa kahawa na kumcheka mtu aliyewafundisha alifu na bee. Akitokea Maalim na bakora yake, wote kimya, "Shikamoo Maalim", na mkono wanambusu. Ikapita karibu mwaka. Tulimteta nje tukamnyamazia ndani, na nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipofahamu kwamba yalikuwa madhambi mawili, si moja.

Mwisho wazee watatu wakamwendea nyumbani kwake usiku, babu yangu akiwa mmoja wao, na mimi nikiwa nimebeba kandili. Babu akamwambia: "Maalim, tumeswali nyuma yako miaka mingi na hatukudai kitu. Lakini swala zinatupotea. Tumekuja kukuomba utukabidhi mihrabu." Maalim alikaa kimya muda mrefu, nikadhani amekasirika. Kisha akasema: "Mmechelewa kwa nini? Mwaka mzima mnaniacha nabeba swala za watu?"

Mtume (S.A.W.) amesema imamu ni mdhamini. Sisi tulidhani tunamhifadhia heshima, kumbe tulikuwa tunamuongezea mzigo. Abu Dharr, sahaba mkweli kabisa wa ulimi, alipoomba apewe uongozi, Mtume alimgonga begani akamwambia kuwa yeye ni dhaifu, na kwamba uongozi ni amana, na Siku ya Kiyama ni hizaya na majuto ila kwa aliyeuchukua kwa haki yake na akautekelezea wajibu wake. Abu Dharr hakuwa mtu muovu. Alikuwa mwema asiyeuweza mzigo ule, na kunyimwa kwake kulikuwa ni kupendwa. Kwa hivyo aya ya Suratun Nisaa inayotuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe, mimi naisoma pia kwa upande wa anayevuliwa cheo. Kumpokonya amana iliyomshinda ni kumpunguzia hesabu.

Lakini hapa ndipo pa kwenda kwa uangalifu. Watu wa mji wa Kufa, Iraq, walimshtakia Umar gavana wao, Saad bin Abi Waqqas, mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo. Walifika hadi kusema hajui kuswalisha. Umar alimuuzulu. Kisha akatuma watu Kufa, wakapita msikiti kwa msikiti kuuliza, na kila msikiti wakamsifu kwa wema, mpaka walipofika kwa kabila la Bani Abs, akasimama mtu mmoja akasema Saad haendi na jeshi, hagawi sawasawa, wala hahukumu kwa uadilifu. Saad akamuombea: kama mtu huyu ni muongo na amesimama ili aonekane na asikike, basi Allah amrefushie umri, amrefushie ufakiri na amuingize katika fitna. Yule mtu aliishi hadi nyusi zikamuangukia machoni, akawa anawasumbua wasichana njiani, na akiulizwa husema dua ya Saad imempata. Anayesimama kumshtaki kiongozi naye ana hesabu yake.

Umar, akiwa katika maumivu ya kisu kile, alipowataja watu sita wa shura ya kumchagua khalifa baada yake alimtia Saad miongoni mwao, na akasema hakumuuzulu kwa kushindwa wala kwa khiyana. Maneno mawili: kushindwa, khiyana. Alitaka watu wasimzike mtu hai kwenye tuhuma alizokwisha kusafishwa. Sisi tukimuondosha mtu hatumuachii hata jina.

Na palipokosekana utaratibu, tazama kilichotokea. Sayyidna Uthman, khalifa wa tatu, alizingirwa nyumbani kwake, akauawa mwaka wa 35, na fitna iliyofunguka siku ile umma mpaka leo haujaifunga. Hapa kwetu, tarehe 27 Agosti 1896, Sayyid Khalid bin Barghash aliondoshwa kwa mizinga ya manowari za Waingereza baada ya siku mbili tu za kukalia kiti cha Usultani wa Zanzibar. Haikutimia saa moja, na watu wapatao 500 upande wa jumba walikufa au kujeruhiwa. Januari 1964 kila ukoo wa Unguja na Pemba una lake la kusimulia. Tarehe 7 Aprili 1972 Mzee Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, aliuawa kwa risasi Kisiwandui.

Akashika urais Mzee Aboud Jumbe. Ni wakati wake ndipo tulipopata Katiba ya Zanzibar ya 1979, na Baraza la Wawakilishi mwaka uliofuata. Januari 1984, katika kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM kule Dodoma, kwenye mvutano wa muundo wa Muungano, akaachia nyadhifa zake zote. Wapo wanaosema alidhulumiwa, wapo wanaosema ilibidi. Sifukui kaburi hilo. Ninachokiona ni kwamba nchi ilikabidhiwa kwa Mzee Ali Hassan Mwinyi bila ya risasi, na Mzee Jumbe akaishi Mji Mwema, Kigamboni, miaka zaidi ya thelathini, akajishughulisha na dini yake, mpaka alipofariki Agosti 2016.

Leo utaratibu umeandikwa. Ibara ya 37 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inamzungumzia Rais aliyeshindwa kazi kwa maradhi ya mwili au ya akili: Baraza la Mawaziri linapeleka azimio kwa Jaji Mkuu, naye anaunda bodi ya madaktari wasiopungua watatu. Ibara ya 46A ni ya aliyeivunja Katiba au maadili ya uongozi: taarifa ya maandishi yenye sahihi zisizopungua asilimia 20 ya wabunge wote, kamati ya uchunguzi yenye Jaji Mkuu wa Muungano na Jaji Mkuu wa Zanzibar ndani yake, mshtakiwa apewe nafasi ya kujieleza, na theluthi mbili ya wabunge wote ndiyo imtoe. Niliposoma nilimkumbuka Umar. Kushindwa kuna mlango wake na khiyana ina mlango wake, na aliyeugua hatolewi kwa mlango wa mhaini. Vijana wetu wanaojua kusoma waisome wenyewe kabla ya kupandisha sauti barazani.

Siku ya pili ya ule usiku wa kandili, Maalim alikuja msikitini mapema kama kawaida yake. Kijana aliyekabidhiwa alikuwa mwanafunzi wake, na alitetemeka mpaka tukamuona. Maalim alisimama safu ya mbele, nyuma yake hasa. Katika rakaa ya pili yule kijana, kwa khofu, akainuka bila ya kukaa tahiyatu. Msikiti mzima ukanyamaza. Ikasikika sauti moja ya kizee, taratibu: "Subhanallah."