Daftari la maziwa: siku tatu kwa sababu ya mabano

Fomula ya Excel imekubali! Saa sita usiku hapa Njoro, macho yameisha, lakini wacha niandike kabla nisahau nilifanya nini.

Mathe hukusanya maziwa ya majirani na mimi ndio naweka hesabu kwa Excel. Tebo inaitwa Maziwa, kolamu zake kwa mpangilio ni Tarehe, Mkulima, Asubuhi, Jioni, Jumla. Shiti ya pili ni ya malipo: majina yanaanzia A5 kushuka, B ni lita za asubuhi, C jioni, D jumla. Hapo B5 nikaweka fomula ya kujumlisha lita za asubuhi za mkulima mwenye jina lake liko A5:

=SUMIFS(Maziwa[Asubuhi],Maziwa[Mkulima],$A5)

Safi. Nikaishusha chini, safi. Nikaivuta kulia, sifuri. C yote sifuri, D yote sifuri, na mathe amesimama nyuma yangu anauliza kwani jioni hakuna mtu alikamua.

Siku ya kwanza yote nililaumu majina. Na kweli nikapata jina moja liko na nafasi mwishoni, hiyo Excel inaihesabu kama mtu mwingine kabisa, nikarekebisha nikijua nimemaliza, bado sifuri. Jana ndio nikabonyeza C5 nikasoma fomula polepole: Maziwa[Mkulima] imekuwa Maziwa[Asubuhi]. Imehama! Yaani inatafuta jina la jirani ndani ya lita. $A5 ilikuwa imekaa imara pale mwisho kwa sababu ya alama ya dola, nikadhani basi na zingine zimeshikwa.

Kitufe cha F4, chenye huweka hizo dola, hakifanyi kitu kwa jina la kolamu. Nikajaribu kuweka alama ya dola mbele ya mabano, ikagoma. Nikasema basi niikopi nipesti badala ya kuvuta, na sasa hakuna kilichohama, jioni ikatoka sawa na asubuhi mpaka lita ya mwisho kwa kila mtu. Hii ndio mbaya zaidi, maana sifuri inakupigia kelele lakini hii inanyamaza tu, nilikuwa karibu kumpea mathe akalipe watu nayo.

Kwa hivyo ukivuta zote zinahama, ukikopi na kupesti zote zinabaki. Mimi nataka moja ihame, moja ibaki. Dawa ni hii:

=SUMIFS(Maziwa[Asubuhi],Maziwa[[Mkulima]:[Mkulima]],$A5)

Kutoka Mkulima mpaka Mkulima. Ni kama kumwambia makanga akubebe Njoro akushukishe Njoro. Lakini inashika! Nikavuta C, nikavuta D, zote ziko sawa na kitabu cha mathe, na kwa furaha nikavuta moja zaidi mpaka E. Kolamu zilikuwa zimeisha kwa hivyo ikazunguka ikarudi Tarehe, ikajumlisha tarehe za Julai 2025, na kwa kuwa Excel huweka tarehe kama namba za siku kuanzia 1900, jirani mwenye ng'ombe wawili akapata lita milioni 1.4. Nimecheka peke yangu kama mwendawazimu.

Kama uko ndani ya tebo na unataka lita za mstari uleule tu, sio kolamu nzima, inaandikwa Maziwa[@[Asubuhi]:[Asubuhi]]. Usijaribu kuandika hiyo kwa simu, kutafuta mabano ya mraba kwa kibodi ya simu ni adhabu.

Kuna wenye wataniambia niachane na tebo nitumie tu seli zilizofungwa kwa dola, $B$2:$B$400. Nilikuwa huko. Mstari wa 401 ulipofika hakuna aliyeniambia, kuna mtu alikosa lita zake za wiki nzima na ugomvi nikaumaliza mimi. Tebo inakua yenyewe. Mabano ni mabaya lakini nabaki nayo.

Leo nilipanga kumaliza malipo, yaani bei ya lita iwekwe H1, kila hesabu iisome kama $H$1, halafu nitoe chakula cha ng'ombe chenye watu walichukua kwa mkopo. Sijagusa. Ile nafasi mwishoni mwa jina imenikaa kichwani, kwa hivyo nimeanza kutengeneza orodha ya kuchagua majina ndani ya seli, mathe asiandike tena kwa mkono, na nimefikiria hata kila mtu apewe namba yake, sasa nimefungua shiti ya tatu.

Mathe ameuliza kama Ijumaa malipo yatakuwa tayari. Nimemwambia ndiyo. H1 bado iko tupu.