Alhamisi ya wakala wa wachezaji, dirisha la usajili likikaribia kufungwa

Alhamisi iliyopita simu iliita saa 11 alfajiri. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka Salalah, kusini mwa Oman, ambako saa zao zimetangulia zetu kwa saa moja. Meneja wa klabu inayomnunua winga wetu anazungumza Kiswahili cha Unguja alichokipata kwa bibi yake, na hata akiwa na hasira maneno yake yana adabu. "Bibie, tumeshajaza kila kitu usiku, lakini mtambo umekataa. Unasema taarifa haziwiani. Sasa tufanyeje?"

Ndivyo siku yangu ilivyoanza. Naandika haya kwa sababu mtaani kwetu Tabata, na hata ndani ya familia yangu, watu wanaamini kazi ya wakala ni kukaa jukwaa kuu, kupiga picha na mchezaji siku ya kusaini, kisha kukata fungu nono. Wengine wanatuita madalali, na wanalitamka kana kwamba wanamtaja mwizi. Ningependa mtu mmoja kati yao akae na mimi tangu alfajiri hiyo hadi usiku wake.

Niliwajibu Salalah kwa kuomba picha ya skrini. Wakala haingii kwenye TMS, mfumo wa FIFA ambao tangu Oktoba 2010 kila uhamisho wa kimataifa wa mchezaji wa kulipwa lazima upitie humo. Wanaoingia ni klabu mbili na mashirikisho mawili. Klabu inayouza inajaza upande wake, inayonunua inajaza wake, na tarakimu zisipofanana mfumo haumwonei huruma mtu. Wewe uliyehangaika miezi minne kuwakutanisha unabaki nje ya mlango na simu mkononi. Picha ikaja. Klabu yetu ya hapa ilikuwa imeandika ada ya uhamisho kwa dola, kama mkataba unavyosema. Wenzetu waliibadilisha kuwa riali, na riali moja ya Oman ni kama dola mbili na senti sitini. Fedha ni ile ile, lakini kwa mfumo hayo ni makubaliano mawili tofauti.

Lingekuwa jambo dogo kama isingekuwa Alhamisi. Oman wanapumzika Ijumaa na Jumamosi, sisi tunapumzika Jumamosi na Jumapili, na dirisha lao lilikuwa linafungwa Jumamosi usiku. Shirikisho la Oman lazima liombe ITC, yaani hati ya uhamisho wa kimataifa, kabla dirisha halijafungwa. Klabu zisipooana kwenye mfumo, hakuna cha kuomba. Kwa hesabu yangu tulikuwa na Alhamisi hiyo tu.

Saa 1 asubuhi nilikuwa kwenye daladala, saa 2 ofisini Ilala, hatua chache kutoka Karume yalipo makao ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania. Hadi saa 4 nilikuwa nimefanya ya kila siku: kuchukua majibu ya vipimo vya moyo vya winga kutoka Taasisi ya Jakaya Kikwete, kuwatumia Salalah, kumkumbusha beki wetu aliyeko Morocco kutunza nakala ya kila stakabadhi ya mshahara, na kukataa video ya mshambuliaji ambaye mabao yake yote yalifungwa mazoezini.

Saa 4 na nusu mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanaume wa makamo aliyevaa kofia ya kiua, na nyuma yake kijana mrefu mwembamba aliyebeba viatu vya mpira ndani ya mfuko wa rambo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Wakala yupo?"

"Ndiye mimi. Karibuni mkae."

Alitazama mlango wa ndani kwa muda, akisubiri pengine atoke mwanaume. Nilizoea zamani. Leseni yangu imo kwenye fremu ukutani nyuma ya kiti changu, na sikuiweka pale kwa mapambo. Nimeifanyia mtihani wa FIFA, maswali 20 ndani ya saa moja, na chini ya asilimia 75 hupati kitu. Alipoisoma akakaa.

"Nimekuletea Samatta mwingine," akasema. Kijana akainamisha uso.

Nilimuuliza kijana umri wake. Akafungua mdomo, mjomba akamuwahi: "Kumi na nane." Kisha akatandaza mezani barua yenye nembo ya klabu ya Uturuki, ikimwalika kijana kwenye majaribio ya wiki mbili. Anwani ya barua pepe ilikuwa ya bure kabisa, ya aina ambayo mtu yeyote anaifungua kwa dakika mbili. Jina la mji wa klabu lilikosewa herufi. Chini yake kulikuwa na ada ya shilingi milioni tatu na nusu kwa ajili ya "viza, bima na mapokezi". Mtu aliyewapa barua aliwaambia wakitafuta muhuri wa wakala mwenye leseni, ubalozi utawapa viza haraka. Mjomba alikuja kwa ajili ya muhuri wangu.

Nikaomba cheti cha kuzaliwa. Kile cha RITA, ofisi ya serikali inayosajili vizazi, kilisema kijana ana miaka 16. Cha pili, kilichokunjwa ndani ya cha kwanza, kilisema 18. Kwa miaka mingi tumepambana na wanaopunguza umri ili wacheze mashindano ya vijana, hadi CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikaanza kupima mifupa ya kifundo cha mkono, karibu na kiganja, kwa mashine ya MRI. Huyu mwenye barua ya Uturuki aliwafundisha kuongeza.

Nilieleza taratibu, kwa sababu mjomba ni mtu mzima na hakuja kutapeli, alikuja kutapeliwa. Nikamwambia kifungu cha 19 cha kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji kinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia nchi nyingine. Ipo milango michache, kama vile wazazi wakihama kwa sababu isiyohusu mpira, au mtoto anayeishi jirani na mpaka, au ndani ya Umoja wa Ulaya na Eneo la Kiuchumi la Ulaya kwa wenye miaka 16 hadi 18. Hakuna unaomfaa mtoto wa Mkuranga anayepelekwa Uturuki na mtu asiyemjua.

"Mbona Samatta alienda Kongo kijana?"

"Alienda TP Mazembe mwaka 2011 akiwa ameshatimiza 18, mjomba, akitokea Simba, na klabu mbili zikakubaliana. Genk ya Ubelgiji akaenda Januari 2016, Aston Villa ya Uingereza Januari 2020. Na Kelvin John, Genk walimtaka mapema, lakini walimsajili Juni 2021, mwezi ule ule alipotimiza miaka 18."

Simu ikaita, Salalah. Anayeshika nywila ya TMS ya klabu yao hakuwepo ofisini. Alikuwa milimani na familia, maana huu ni msimu wa kharifu, Salalah inakuwa kijani na yenye ukungu, na nusu ya Ghuba inahamia huko kupumua. Meneja aliahidi kumtafuta. Niliporudisha simu mezani mjomba alikuwa ameshaanza upya, tangu mwanzo, kana kwamba sikusema neno. Nigonge tu muhuri. Yeye atabeba lawama. Wengine wanafanya. Mimi nina roho gani ya kumzibia riziki mtoto yatima wa baba?

Nikakataa. Akauliza kwa njia nyingine. Nikakataa. Akaniambia basi nimsaini kijana mwenyewe, nimtafutie timu halali. Hilo nalo siwezi, nikamweleza: wakala haruhusiwi hata kumkaribia mchezaji mdogo hadi ibaki miezi sita kufikia umri ambao sheria za nchi zinamruhusu kusaini mkataba wa kwanza wa kulipwa, tena kwa idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi. Akanitazama kama mtu anayepangiwa njama. Adhana ya adhuhuri ikasaidia, akaenda msikitini, na mimi nikadhani yamekwisha. Akarudi na kukaa kiti kile kile.

Lakini alipokuwa ameenda, kijana alizungumza. Yuko kidato cha tatu. Anacheza namba kumi. Na laki nane zimeshatumwa kwa yule mtu, mama yake ameuza cherehani. Aliyasema yote hayo akiangalia mfuko wa viatu.

Nikamwomba namba ya mama. Mjomba aliporudi nilikuwa naye hewani, spika imefunguliwa. "Shikamoo mama, naitwa wakala fulani, niko na mwanao hapa." Nikaeleza polepole, barua, anwani, cheti cha pili. Upande wa pili kukawa kimya, halafu mama akauliza, "Kwa hiyo ile iliyobaki nisitume?"

"Usitume hata mia, mama. Na cheti cha pili kichaneni leo hii. Mtoto akishaingia kwenye kumbukumbu kwa umri wa uongo, siku akipata timu ya kweli kumbukumbu hiyo ndiyo itakayomfunga."

Mjomba hakusema kitu tena. Nikampa maelekezo ya kwenda polisi na ile barua, na ujumbe wa simu wa kutuma pesa usifutwe. Nikamtajia kijana kituo cha karibu na kwao kinachosajili watoto kwa utaratibu, nikamwambia ahakikishe jina lake linaandikwa kama lilivyo kwenye cheti cha RITA, herufi kwa herufi. Waliondoka bila kuaga vizuri. Sikupata shilingi kwa saa tatu hizo na sikuzitarajia. Kwangu ilikuwa kazi kubwa kuliko zote za wiki ile, na hakuna atakayeipiga picha.

Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri. Nilikula chipsi zilizopoa. Kichwa kiliniuma upande mmoja. Nilimpigia meneja wa Salalah, hakupokea. Nikampigia afisa usajili wa klabu yetu kumwambia asiguse kitu, kwa sababu wakiwa na haraka pande zote mbili zinarekebisha kwa pamoja na tofauti inabaki pale pale, kila mmoja akiwa amehamia kwa mwenzake.

Katikati ya kungoja akapiga mwalimu wa kituo cha Morogoro alichokulia winga. Alisikia mchezaji wake anauzwa nje, akataka kujua kama wazee wa kituo watapata chochote. Hapa nilipata nguvu kidogo. Mchezaji akihama kimataifa kwa ada kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada inagawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: robo asilimia kwa kila msimu kuanzia 12 hadi 15, nusu asilimia kwa kila msimu kuanzia 16. Yeye alikaa na kijana tangu 12 hadi 17, yaani asilimia 2. Tatizo ni usajili. Kituo kilianza kusajili wachezaji rasmi kijana akiwa na miaka 14, na pasipoti ya mchezaji, yaani kumbukumbu ya klabu alizosajiliwa, inaanzia hapo. Kwa hiyo ni moja na nusu. Mwalimu alinyamaza, akasema hata hiyo itanunua mipira na kulipa pango. Nilimwambia aweke tayari akaunti ya benki ya kituo na nyaraka za usajili, kwa sababu tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, na Paris hawatumi pesa kwenye namba ya simu ya kocha. Vituo vingapi vyetu vimepoteza fedha hizi kwa kutoandika jina la mtoto wa miaka 12 kwenye fomu! Hilo linaniuma kuliko matusi ya mtandaoni.

Jua lilikuwa linazama Salalah alipopatikana mwenye nywila. Alikuwa ameegesha gari kando ya barabara ya mlimani, akitafuta mtandao. Akafuta riali, akaandika dola. Nilikuwa nimesimama katikati ya ofisi, simu sikioni, nikimsikia akisoma tarakimu moja moja kwa Kiarabu na meneja akinitafsiria. Kisha, "Bibie, imekubali." Shirikisho lao liliomba ITC usiku ule ule. Kanuni za sasa zinawapa TFF saa 72 kuitoa, na nilishapanga Ijumaa saa 2 asubuhi niwe Karume.

Nilifika nyumbani usiku nikiwa siwezi hata kuzungumza. Nikapata ujumbe mwingine kutoka klabu ileile: tiketi za ndege za ndani zimepanda kwa sababu ya kharifu, kwa hiyo mchezaji atapokewa Muscat na kupelekwa Salalah kwa basi. Ni kama kilomita elfu moja jangwani, siku mbili kabla ya mazoezi ya kwanza. Nilifungua mkataba, nikakitafuta kipengele cha usafiri, nikawajibu kwamba kinasema ndege hadi Salalah, na kwamba winga hataondoka Dar es Salaam kabla tiketi hiyo haijafika kwangu.