Mama alipopanda juu ya bomba

Juzi nilikuwa gereji na binti yangu. Fundi akaishika ile bunduki ya upepo, ikanguruma mara moja, nati ikakaa. Binti akauliza zamani watu walikuwa wanakazia na nini. Nikamjibu, "Na bibi yako." Akadhani namtania.

Volkswagen ya Mzee mnaijua. Siku hiyo tulikuwa tunatoka harusini Lushoto, tunarudi Korogwe, na ilikuwa Jumapili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 gari binafsi lilikuwa haliruhusiwi barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana, kwa ajili ya kubana mafuta, kwa hiyo Mzee alikuwa akiitazama saa kuliko kona. Tukikaribia Soni gurudumu la nyuma likaanza: tok, akiachia klachi, tok tena, akikanyaga breki. Mlio ule tuliuzoea. Ilikuwa nati ya ekseli. Ilishakazwa Tanga, ikakazwa Korogwe, na asubuhi ile ile ikakazwa Lushoto, na kila fundi alimcheka aliyemtangulia kwamba hana mkono.

Kutoka Soni kwenda Mombo ni mteremko na kona, bonde liko upande mmoja. Na Volkswagen ile, drami ya nyuma ndiyo iliyobeba gurudumu, na ndani yake ndimo ilimo breki. Ikichomoka, vyote vinakwenda. Mzee akaegesha karibu na wauza peasi, akabandua kifuniko cha gurudumu, akachungulia. Pini, ile inayopita kwenye tundu la ekseli kuizuia nati isizunguke, ilikuwa mahali pake, nzima, miguu yake imekunjwa vilevile. Nati haikuwa imezunguka hata kidogo. Lakini drami ilikuwa inacheza. Akaisonya nati.

Mzee alikuwa mtu wa kitabu. Kitabu cha gari kilisema nati ile inataka kilo 30 kwenye mkono wa mita 1, na yeye soketi ya 36 alikuwa nayo, na bomba la maji la kurefushia mpini alikuwa nalo. Akapiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi la bodi: kilo 60 zikisimama nusu mita. Kisha akageuka, akamtazama Mama.

Mama alikuwa anafanya kazi zahanati, uzito wake ukijulikana nyumba nzima.

"Mama Mwanaidi, hebu njoo usimame hapa."

"Wapi?"

"Hapa. Juu ya bomba."

Alikuwa amevaa doti mpya ya harusi. Akavua viatu, akanipa mimi nishike, akajifunga kanga ya pili kiunoni vizuri, akashika ukingo wa paa la gari kwa mkono mmoja na bega langu kwa mkono mwingine. Wauza peasi wakaacha kuuza. Akaweka mguu mmoja, akaweka wa pili, na kwa muda hakikutokea kitu: Mama yuko hewani, juu ya chuma, ametulia kama yuko kwenye picha ya studio. Halafu nati ikalia, kriii, bomba likashuka taratibu naye akashuka nalo, na mzee mmoja pale kwenye matunda akapiga makofi.

Mzee alikuwa amepiga magoti anatazama tundu la pini. "Limepita kidogo," akasema. Na nati ile hairudishwi nyuma ili kupata tundu. Huongezwa mbele mpaka nafasi inayofuata. Akarudisha bomba juu. "Panda tena. Safari hii rukaruka."

"Nirukeruke? Na kanga?"

Akaruka. Nakumbuka uso wake, alikuwa anajizuia kucheka na anajizuia kutukana, sijui kipi kilikuwa kikubwa. (Miaka baadaye, darasani, tulipofika somo la wenzo, nikagundua kwamba Mzee mwenyewe angetosha, wembamba wake na wote. Ilimpasa asogee tu kidogo kuelekea mwisho wa bomba.)

Aliposhuka akajitazama kiganja. Alikuwa amelishika gurudumu asianguke. "Baba Mwanaidi, huu unga mwekundu unatoka wapi?"

"Kutu hiyo. Ingieni tuondoke."

Tulifika Mombo na tok yetu. Fundi wa pale hata hakugusa spana. Alipaka mate kidoleni, akafuta kuzunguka nati, akakitazama. Chuma kikisagana na chuma hutoa vumbi la rangi ile, akasema. Akaivuta drami, akamshika Mzee kidole gumba na kumpapasisha meno ya ndani, yale yanayokamata ekseli. Yalikuwa yamechongoka. Ya ekseli, ambayo ni chuma kigumu zaidi, yalikuwa bado na vichwa bapa. Kila ukiondoka na kila ukifunga breki drami inajitikisa mle ndani, inakula pale inapobanwa, na ubano unapotea nati ikiwa imetulia kwenye pini yake. Ungeikaza mpaka Kiama.

Saa nane ilitukutia hapo. Tukalala Mombo. Drami ya mtumba ilichukua wiki kadhaa kupatikana, vipuri vya wakati ule mnajua.

Sasa, Mzee anapoisimulia habari hii, na huisimulia kila panapokuwa na mgeni mwenye gari, huanza hivi: "Nilipoona ule unga mwekundu pale Soni..." Zamani nilikuwa namtazama Mama, nikisubiri aseme neno. Mwaka jana nikamuuliza kabisa, tuko jikoni, mbona anamwachia. Akanishangaa. Unga gani? Hakumbuki kusema lolote kuhusu unga. Kaka yangu naye anaapa kwamba ni yeye aliyeuliza, na kaka wakati ule alikuwa hajaanza hata shule.

"Unga siujui," Mama akasema. "Najua ile kanga iliingia grisi, na haikutakata mpaka nikaifanya dekio. Hilo baba yako hasimulii."