Hoca, injinia aliyefungiwa vyama vinne

Juzi kijiweni mada ilikuwa maprofesa wanaoingia siasa, kila mtu anataja wake, mimi nikamtaja Necmettin Erbakan, waziri mkuu wa zamani wa Uturuki ambaye watu wake walimwita Hoca, jamaa wakanitolea macho, wao wanamjua Erdogan tu. Sasa Erdogan alitokea mfukoni mwa nani jamani?

Erbakan kazaliwa Sinop 1926, kasoma uhandisi wa mitambo Istanbul, afu akaenda Aachen, Ujerumani, kuchukua udaktari. Fani yake injini za dizeli. Akarudi kufundisha chuo, ila kilichomkera ni nchi yake kuagiza injini nje wakati inaweza kuunda yenyewe, basi 1956 akakusanya washirika wakaanzisha kiwanda, Gümüş Motor, kutengeneza injini za pampu za maji. Uprofesa akaupata 1965. Mimi naona siasa zake zilianzia pale kiwandani kabla hata ya msikitini, maana hadi uzeeni akihubiri umoja wa Waislamu lazima aingize viwanda vizito.

1969 akachaguliwa kuongoza muungano wa chemba za biashara, wafanyabiashara wadogo wa mikoani wakimshangilia, serikali ya waziri mkuu Demirel (naye injinia wa chuo kilekile!) ikamng'oa. Akaomba kugombea kwa chama cha Demirel akakataliwa. Akaenda Konya kama mgombea binafsi, kile kitu ambacho sisi Bongo tunakipigia kelele mpaka leo, akashinda.

Hapo ndo vyama vikaanza. Sheria ya kule haikutaka chama cha dini, kama ya kwetu ya 1992 tu, kwa hiyo neno Uislamu huwezi kulikuta kwenye jina. Ila sikiliza majina yenyewe: Nizam, yaani nidhamu, kikafungwa 1971. Selamet, salama hiyo, kikaingia serikalini 1974 pamoja na chama cha Ecevit, Ecevit waziri mkuu na Erbakan naibu wake, mwaka uleule jeshi la Uturuki lilipoingia Cyprus, kikaondoka na mapinduzi ya 1980. Refah, ustawi, kikafungwa 1998. Fazilet ndo fadhila, kikafungwa 2001. Mswahili hahitaji kamusi hapo, na nadhani mwendesha mashtaka wa Ankara naye hakuhitaji.

Refah ndicho kilichofika juu kabisa. 1994 kikachukua Istanbul na Ankara, meya wa Istanbul ndo huyo Erdogan wenu. Uchaguzi wa Desemba 1995 kikaongoza kwa asilimia 21 na kitu, na Juni 1996 Hoca akawa waziri mkuu kwa kuungana na Tansu Çiller, profesa wa uchumi, maprofesa wawili kwenye serikali moja! Akaanzisha D-8, umoja wa nchi nane za Waislamu, kuanzia Indonesia mpaka Nigeria. Ila 28 Februari 1997 majenerali wakamwekea orodha ya masharti mezani, akasaini, na Juni akajiuzulu. Wapo wanaosema alisaini kuepusha damu. Mimi hapo kwenye kusaini bado sijamsamehe, ingawa najua nipo kwenye kochi sikukaa meza ile.

Kosa lake lingine ni kiti. Hoca maana yake mwalimu, ila huyu mwalimu hakutaka mwanafunzi ahitimu. Kina Abdullah Gül, naye alishafundisha uchumi chuo kikuu, wakajaribu kuchukua uongozi wa Fazilet mwaka 2000 wakashindwa, wakaondoka na Erdogan, 2001 wakafungua chama chao, AKP, mwaka uliofuata wakashinda nchi. Mzee akabaki na Saadet, chama cha tano, kura kiduchu, akiwasema vijana wake kila akipewa maiki.

Afu ikaja kesi ya pesa za Refah, akahukumiwa, akatumikia kifungo nyumbani, na 2008 aliyemsamehe kwa sababu ya afya ni rais wa nchi, Gül. Yuleyule. Unadhani mzee akastaafu? 2010 akarudi tena kuwa mwenyekiti wa Saadet, na 27 Februari 2011 akafariki akiwa bado kwenye kiti, miaka 84.