Van ya nyumbani: umeme unaokuja na kupotea

Asubuhi hapa Tororo van yetu inawaka mara moja. Tukifika Mbale na kuizima, stata, ile mota inayoamsha injini, inatoa "tik" tu. Ikishapoa inawaka tena bila tatizo. Usiku taa za mbele hufifia nikikanyaga breki, na redio hujizima kila ikitaka. Betri ni mpya. Ilibadilishwa kwa sababu hiyohiyo, na shida ikabaki palepale.

Jumamosi

Fundi wa umeme wa magari alifungua boneti, akasikiliza, akasema, "Mzee, alteneta imechoka. Tuweke nyingine."

"Tupime kwanza, fundi," nikamwambia. Alteneta, mashine inayochaji betri injini ikiunguruma, hata iliyotumika kutoka soko la Kisekka kule Kampala, ni pesa ya karo, na mimi sikubali kipuri kitolewe kwa kubahatisha. Ila gari lenye ugonjwa wa kuja na kuondoka ukilipima likiwa baridi, kila kitu kitasoma kizima. Tukaliendesha hadi Malaba na kurudi juani, kisha tukapima injini ikiunguruma, taa zote zimewashwa, feni ya ndani imefunguliwa hadi mwisho.

Kwenye betri tukapata volti 12.4. Gari linalochaji vizuri husoma kati ya 13.8 na 14.5, kwa hiyo fundi alinitazama kwa jicho la "nilikwambia". Nikamwomba ahamishe mita: ncha moja kwenye nati ya alteneta inayotoa umeme, nyingine kwenye mwili wa alteneta yenyewe. 14.2! Alteneta ni nzima, umeme unapotelea njiani. Tukapima kutoka mwili wa alteneta hadi kichwa hasi cha betri: volti 1.6 zinapotea, mahali ambapo hapafai kuzidi 0.2.

Basi ni waya wa athi, ule unaounganisha injini na bodi ya gari ili umeme urudi kwenye betri. Kwa macho haukuwa na kasoro. Tulipoufungua, chini ya bolti kulikuwa na kutu, na nyuzi za shaba zilikuwa za kijani, nyingi zimekatika. Stata huvuta ampea zaidi ya mia moja. Nyuzi chache zilizobaki zingeupitisha wapi umeme huo, tena injini ikiwa ya moto?

Tulipiga msasa bodi hadi chuma kikang'aa, tukafunga kebo mpya nene, tukapaka grisi juu ya bolti kuzuia unyevu. Upande wa hasi sasa unasoma 0.05, na betri 14.1. Bei ya kebo haikaribii hata kidogo bei ya alteneta.

Jumatano

Mbale tena, jua kali, na stata imeitika kila mara. Taa hazififii.

Imebaki fyuzi ya taa za nyuma, inayokatika siku moja moja. Nashuku waya zinazopita kwenye mpira wa mlango wa nyuma: mlango huo hufunguliwa na kufungwa kutwa, na katika van za umri huu waya hupasukia humo ndani, zikagusana au zikagusa bodi. Nimeuvuta mpira kidogo na kuona waya mwekundu umechubuka. Jumamosi fundi anakuja na kifaa cha kulehemu risasi. Tutakata kile kipande chote na kuweka waya laini wenye nyuzi nyingi, kwa kuwa mgumu utavunjika tena palepale.

Mpaka hapo, safari za usiku tumeziahirisha.