Cheti, ubao na mteja aliyekatwa mara mbili

Leo nimeshinda kwenye jopo la usaili, tunatafuta mprogramu wa upande wa seva. Jioni hii swali moja haliniachi: je, vyeti vingeweza kuchukua nafasi ya ule mtihani wa ubaoni, wa kuandika msimbo mbele ya jopo?

Mhasibu akija na CPA ya NBAA, bodi ya wahasibu, hakuna anayemuuliza debiti ni nini na krediti ni nini. Bodi imeshaimaliza kazi hiyo. Mprogramu hana bodi ya namna hiyo, kwa hiyo kila anapokwenda anatahiniwa upya kana kwamba hajawahi kufanya kazi popote. Marekani walijaribu: NCEES, baraza la mitihani ya leseni za wahandisi, ilianzisha mtihani wa leseni kwa wahandisi wa programu mwaka 2013, ukasitishwa 2019 baada ya kupata watahiniwa 81 tu.

Kwangu mimi, kinachoamua ni aina ya mtihani. Ule wa AWS (huduma za seva za kukodi za Amazon) uitwao Solutions Architect, ngazi ya Associate, una maswali 65 ya kuchagua kwa dakika 130. Mwenye madesa ya maswali yaliyovuja anaweza kuupita bila kuwahi kugusa seva. CKA, cheti cha kusimamia Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi kwa pamoja), ni habari nyingine: saa mbili uko kwenye terminali, dirisha la kuandika amri, unapewa klasta, yaani kundi la seva, yenye matatizo, uitengeneze. Nyaraka rasmi unaruhusiwa kufungua, kama tunavyofanya kazini. Aliyefaulu huo sioni sababu ya kumuuliza tena misingi ya Kubernetes.

Hata hivyo, kuna kitu hata CKA haikipimi. Mwombaji mmoja leo hakuwa na cheti chochote. Tulimpa msimbo wa malipo ya simu wenye hitilafu tuliyoiweka makusudi: mtandao ukichelewa kujibu, ombi linatumwa tena, mteja anakatwa mara mbili. Hakukimbilia kuandika. Alisoma kimya, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: “Samahani kaka, hii namba ya muamala tunaitengeneza sisi kabla ya kutuma, au tunasubiri ya mtandao wa simu?” Ugonjwa wote ulikuwa hapo. Tukisubiri ya kwao, ombi la pili linaonekana ni malipo mapya kabisa. Kwenye mtihani wa kuchagua swali umeshaulizwa. Kazini unalitafuta mwenyewe.

Halafu kuna pesa, na hili linaniuma zaidi. Mtihani ule wa AWS ni dola 150, karibu laki nne, na baada ya miaka mitatu cheti kinakwisha muda. Kijana anayejifunza kwa bando la kuungaunga atazitoa wapi? Cheti kikiwa sharti, tutakuwa tunachuja mifuko.

Jumatatu napeleka pendekezo. Mwenye cheti cha vitendo asamehewe jaribio la awali; asiye nacho alifanye, na wote wahesabiwe sawa. Ubao uondoke. Saa ya kusoma msimbo pamoja ibaki kwa kila mtu, na fomu yetu ya alama iongezewe sehemu ya kuandika maswali anayotuuliza mwombaji. Sasa hivi haina.